Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania) kuhusu vifaa vya umeme vya kukata hamu ya kula

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Vifaa vinavyopitisha umeme mdogo kichwani vinauzwa mtandaoni, na wapo wanaovinadi kwa watu wanene kuwa vinakata hamu ya kula. Tunaomba visisajiliwe kwa kazi hiyo, ila ndani ya utafiti wenye kibali cha maadili.

Njaa na uchu si kitu kimoja. Njaa huendeshwa na haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini kabisa ya ubongo. Elektrodi za juu ya kichwa, yaani vipande vinavyopitisha umeme, hulenga sehemu ya mbele ya ubongo, mara nyingi upande wa kulia, inayohusika na kujizuia. Kinachoweza kuguswa basi ni uchu wa chipsi, na hata hapo matokeo ya tafiti yanapingana. Kupungua uzito kwa kudumu hakujathibitishwa. Madaktari wa Toronto waliotaka kuifikia haipothalamasi yenyewe walilazimika kutoboa fuvu. Katika taarifa yao ya mwaka 2008, mgonjwa alipowashiwa umeme alianza kukumbuka waziwazi mambo ya zamani. Si hicho walichokitafuta.

Kipimo cha kawaida cha utafiti ni mkondo wa umeme wa miliampia 1 hadi 2 kwa dakika 20, kupitia sponji za sm 5 kwa 7 zilizoloweshwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Makosa huanzia kwenye sponji hizo. Kifaa hulazimisha miliampia zilezile zipite hata sponji ikikauka. Ikigusa ngozi kwa pembe moja tu, umeme wote hujikusanya hapo na kuunguza. Ikilowa mno, maji huchuruzika hadi sponji ya pili na umeme hupita juu ya ngozi bila kuingia ndani. Mafuta, rasta na nywele za bandia huzuia mguso, jambo ambalo huenda halimjii akilini mwandishi wa mwongozo aliyezoea nywele za singa. Nyaya za chanya na hasi zikibadilishana, hiyo si tiba ileile tena.

Anayeomba kibali cha utafiti adaiwe kundi la kulinganisha lisilopata tiba halisi: umeme unapandishwa, unazimwa baada ya sekunde 30 hivi, na mhusika anahisi mwasho uleule. Bila hilo, matumaini ya mteja yatahesabiwa kuwa dawa. Wenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo wasiingizwe.

Na muuzaji akiandika kwenye boksi kuwa ni kifaa cha "ustawi", miliampia ni zilezile. Kikaguliwe kama kifaa tiba.

Wenu,
Mafundi na wahudumu wa vifaa tiba