Kaka, ule haukuwa moshi

Shikamoo kaka.

Najua hutapenda kuyakuta haya hapa, watu wote wanasoma. Lakini tangu tumalize tanga simu yangu hupokei, na ujumbe unausoma tu, unanyamaza.

Kwanza ahsante. Miaka sita mimi natuma hela, wewe unambadilishia mzee mashuka. Hilo silisahau.

Ila ile asubuhi imegoma kunitoka machoni. Nimeshuka basi la Dar, miguu imevimba, naingia sebuleni nakukuta umeilaza picha ya mzee juu ya meza, chupa ya thina pembeni, pamba mkononi. Ukanitazama kwa furaha ya kweli. "Njoo uone, nimeitoa moshi wote!" Jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, linang'aa kama saa sita mchana. Ziwa limekuwa buluu ya ukuta wa saluni.

Mzee alichora jioni, kaka.

Wewe ulikuwa unashinda Mwaloni, hukuyaona. Mimi ndiye niliyekuwa nikishikilia kifuniko cha bati juu ya koroboi mpaka kiwe cheusi, nakwangua masizi kwa wembe, yeye anayakoroga na vanishi kwenye lile kopo la maziwa. Rangi yenyewe ilikuwa ya mafuta, masalio ya mitumbwi aliyoiandika majina, na ubao ni hadibodi, kama wale wa Tingatinga kule Dar. Buluu ikishakauka wiki nzima, anapitisha weusi wake mara moja tu, brashi pana, toka juu kwenda chini. "Haya, jua limezama." Ndipo tunakula.

Huku kazini tunafundishwa kumuuliza mchoraji kabla ya kugusa kazi yake, na kama amekufa, kuiuliza picha. Kibanzi kidogo kuliko punje ya ulezi, kutoka pembeni palipokwisha kubanduka, kinagandishwa ndani ya gundi ngumu, kinasuguliwa, kinatazamwa kwa hadubini, na tabaka zote zinajipanga mbele yako. Masizi ya jikoni yangeonekana yametua juu ya vanishi. Ya mzee yangeonekana yamo ndani yake. Hata bila hadubini, ungeanza na ncha ya pamba yenye mate kwenye kona moja. Sikutanii, mafundi wakubwa wa Ulaya hutumia mate, yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu. Moshi ungeanza kuachia. Wewe ulipoona maji hayatoi kitu ndipo ukaenda kununua thina. Pale pale ndipo ungesimama!

Na asikucheke mtu. Mwaka 1947 National Gallery ya London ilionyesha picha zake zilizosafishwa, na ugomvi ukawaka. Wapo waliodai kwamba wachoraji wa kale walitia vanishi ya rangi kwa makusudi, na mafundi wakaifuta wakidhani ni uchafu wa miaka. Watu wenye maabara, hao.

Utasema nilijua, mbona sikusema. Ni kweli ulinipigia siku mbili kabla. "Picha ya mzee imefubaa, niisafishe, wageni wanakuja?" Nikajibu, fanya unavyoona. Nilikuwa nimesimama kwenye daladala, simu ina chaji asilimia nne. Na kila nikisema "msiguse" mnaniita bosi wa Dar, nikaona siku ile moja nisiwe bosi. Halafu wewe ndiye uliyekaa naye miaka sita. Kumuuliza alichanganya nini na nini ni dakika kumi. Nami nilikuwa nazo dakika kumi kila Krismasi. Basi, tuache.

Sasa nasikia unataka kumwita yule kijana wa mabango aitie weusi upya. Usimwite, nakuomba. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wana michoro ya mchoraji Mark Rothko ambayo nyekundu yake, Lithol Red, ilipauka kwa jua la madirishani. Haina vanishi, kwa hiyo rangi mpya ingeshikamana na yake moja kwa moja. Mwaka 2014 wakaionyesha ikimulikwa na projekta, nuru inajazia kilichopotea, brashi haijagusa. Alasiri walikuwa wanaizima, watu waone kilichobaki. Sisi projekta hatuna. Igeuze tu isitazamane na dirisha, na usiibandike kwenye ule ukuta unaovuja, hadibodi ikinywa maji inavimba.

Pamba zako nilizikuta jalalani. Nimeokota saba, zimekauka, nyeusi tii, nimezitia kwenye bahasha. Zile ndizo jioni ya mzee, kaka, zote nilizo nazo.

Na lile kopo la maziwa lilikuwa chini ya kitanda chake. Mama mdogo alisema Jumamosi anapanga vyombo. Mwambie asilioshe.