Kile kisanduku cheusi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Juzi uliponiuliza kwa nini nahangaika na makaratasi ya shamba la Muheza nikakujibu mkato, nisamehe, jino lilikuwa linaniua. Sasa sikiliza.

Kuna kesi moja ya Marekani, New Orleans, hainitoki kichwani. Tajiri mmoja wa viwanja, Daniel Clark, alifariki 1813, wosia uliosomwa ni wa 1811, kila kitu kamwachia mama yake mzazi. Binti yake Myra hatajwi popote, kalelewa mbali, na familia nyingine akijua ndo wazazi wake, anakuja kushtuka keshakuwa mtu mzima. Kumbe rafiki za baba wanasema mzee aliandika wosia mwingine mwaka uleule aliokufa, akamtaja Myra kuwa mwanawe halali na mrithi wake, akauweka kwenye kisanduku cheusi. Kisanduku kinafunguliwa, wosia haumo! We fikiria.

Akaenda kortini miaka ya 1830. Viwanja vilishauzwa, walionunua nao wakauzia wengine, watu wamejenga, kwa hiyo kila aliyekuwa na hati anamwona Myra mwizi. Halafu wakamwingiza mama yake, eti Zulime alikuwa bado mke wa mtu alipofunga ndoa na Clark, mtoto ni wa haramu hana chake. Myra anajibu yule mume wa kwanza naye alikuwa na mke mwingine tayari, ile ndoa haikuwa ndoa. Mambo ya wakubwa hayo, anayeyajibia ni mtoto.

Karatasi haikupatikana, ila 1856 mahakama ya juu ya Louisiana ikaukubali ule wosia kwa maneno tu ya waliousoma, na 1861 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema ni mtoto halali. Ukadhani yameisha, wapi! Kudai chake ikawa kesi juu ya kesi, kazika waume wawili, akafa mwenyewe 1885, na hela ya jiji la New Orleans, nalo alikuwa kalishtaki, zaidi ya dola laki 5, ikatoka 1891.

Sasa wosia wa marehemu baba yako tunaojua ulipo ni mimi na huyu paka. Njoo Jumamosi na mdogo wako, tuusome wote, mtoe kopi. Ufunguo uko kwenye kopo la majani ya chai, lile la zamani, sio la jikoni.

Mama yako