Pigo la pili

Zuhura ndugu yangu,

Salamu kwanza, na samahani kwa kimya hiki. Sisi wazima, mama naye hajambo. Najua Salim ameshakuhadithia habari za yule aliyetuvunjia mlango usiku, lakini Salim hakuwepo, na anaisimulia kana kwamba mimi ni shujaa. Ndiyo maana nakuandikia mwenyewe.

Alikuwa na panga. Alimkamata mama mkono, nami nikashika mpini wa jembe nikampiga begani. Panga likaanguka, likalia sakafuni. Kisha nikampiga tena, mkono ukavunjika. Hilo la pili ndilo linaloniamsha kila alfajiri. Mlio wa panga niliusikia, Zuhura. Niliusikia kabla sijainua mpini tena.

Kila mtu ananiambia, "Mwizi huyo, angewaua." Kwa pigo la kwanza, kweli kabisa, wala silionei haya. Mtu akikuletea kifo ndani ya nyumba, huna deni la kumsubiri. Lakini haki ya kujihami inatokana na hatari iliyopo, haitokani na ubaya wa mtu. Hatari ikiisha, kuadhibu ni kazi ya hakimu.

Nimesoma sana wiki hizi. Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 22, inasema mwizi akikutwa akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, anayo. Naona ni kwa sababu gizani hujui kaja kuiba au kuua. Thomas Aquinas naye, mwanatheolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba unaweza kuokoa uhai wako hata kama anayekushambulia atakufa, ila ukitumia nguvu kupita haja umekosa. Hapo nikafunga kitabu.

Halafu nikakutana na kesi ya Marekani ya 1921. Mtu kashambuliwa kwa kisu, kafyatua risasi, na ya mwisho ilitoka adui akiwa ameshaanguka. Mahakama ya Juu ya huko ikatengua hukumu ya huyo aliyefyatua. Jaji Holmes aliandika kwamba mtu aliyeinuliwa kisu hawezi kudaiwa atafakari kwa utulivu; hata hiyo ya mwisho, ikifuata papo hapo purukushani ingali moto, naye akiamini anapigania uhai wake, si lazima imvue kinga. Ujerumani nako, sheria ya jinai haimwadhibu aliyepitiliza katika kujihami kwa sababu ya hofu au kuchanganyikiwa. Hofu, siyo hasira. Hapo ndipo ninaponasa. Mikono yangu ilitetemeka hadi asubuhi, kwa hiyo hofu ilikuwepo. Lakini nilikuwa nimeona vidole vyake kwenye mkono wa mama, na alama zake zipo mpaka leo, na sijui ule mpini uliinuliwa na kipi...

Mama hataki tulizungumze.

Wewe umekaa na mafaili ya mahakama miaka mingi, niambie. Hakimu hupimaje muda mfupi namna ile? Polisi waliandika maelezo yangu, hawakuniuliza kama nililisikia panga likianguka, nami sikusema. Je, nirudi niyaongeze? Ungekuwa wewe ungerudi? Na nikirudi, mama nimwambie kabla au baada? Nijibu upesi, usimpe Salim barua.

Wako,
Hamisi