Kijipira kilichomo ndani ya mkebe wa Guinness

Wateja kadhaa wa baa yetu wameturudishia mikebe ya Guinness Draught wakisema kuna kitu kinagonga ndani. Wana haki ya kuuliza, maana hakuna aliyewaeleza. Kitu hicho ni kijipira cha plastiki kilichowekwa makusudi kiwandani, na ndicho kinachoufanya mkebe huo ukaribiane na Guinness inayomiminwa kwenye bomba la kaunta. Wengine huja na lalamiko la namna nyingine: wamezoea ya chupa, wakaonja drafti, yaani ya bomba, wakasema imepoa, haina gesi, labda imetiwa maji. Haijatiwa maji. Guinness ya chupa na Guinness ya drafti ni bia mbili tofauti zenye jina moja, na hilo ukilijua hutalipia tena usichokipenda.

Tuanze na ya chupa, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka hapa Kenya. Jina lake kamili ni Foreign Extra Stout. Asili yake ni bia ambayo kiwanda cha St. James's Gate, Dublin, kilianza kuipika mwaka 1801 kwa ajili ya soko la visiwa vya Karibi. Meli zilikaa baharini wiki nyingi na joto lilikuwa kali, hivyo wapishi wakaongeza hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kileo ili bia isiharibike njiani. Uchungu huo umebaki mpaka leo. Inayouzwa Kenya ina kileo cha asilimia 6.5, na gesi yake ni kaboni dayoksaidi, ile ile ya soda, ambayo huyeyuka vizuri ndani ya bia na kuuchoma ulimi kidogo. Ukiongeza shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, unapata bia kali, kavu, yenye ladha inayokaa mdomoni.

Bia yenye nguvu hivyo haihitaji baridi ili inyweke. Kwa chupa hii, swali la weita la "moto ama baridi?" ni swali la maana kabisa. Ya moto, yaani isiyoingia frijini, huonyesha utamu wa kimea na harufu ya kukaangwa. Ya baridi sana huzificha zote mbili na kukuachia uchungu peke yake. Sisi humshauri mteja aitoe frijini mapema kidogo, kisha aimimine kwenye glasi badala ya kunywa mdomoni mwa chupa.

Drafti ni habari nyingine. Kileo chake ni kama asilimia 4.2 tu, na gesi inayoitofautisha ni naitrojeni. Mwaka 1959 Michael Ash, mwanahisabati aliyeajiriwa na Guinness, alikamilisha njia ya kuisukuma bia kutoka kwenye pipa kwa mchanganyiko wa gesi mbili. Siku hizi mchanganyiko huo huwa na takriban robo tatu naitrojeni, na inayobaki ni kaboni dayoksaidi. Naitrojeni huyeyuka kwa shida sana ndani ya bia. Bia inapolazimishwa kupita kwenye kisahani chenye vitundu vidogo ndani ya bomba, gesi hiyo hutoka kwa ghafla, na viputo vyake ni vidogo mno. Hapo ndipo linapotoka lile povu zito, laini, linalodumu mpaka tone la mwisho. Na kwa kuwa kaboni dayoksaidi ni kidogo, ulimi hauchomwi. Anayesema bia imepoa anasikia kitu cha kweli kabisa, ila bia ndivyo ilivyokusudiwa kuwa.

Ukiitazama glasi utaona viputo vinashuka badala ya kupanda. Katikati ya glasi bia hupanda na viputo vyake, kisha huteremka kandokando ikivivuta vile vidogo chini. Kwa hiyo tafadhali usimharakishe mhudumu. Anailaza glasi kwa nyuzi 45, anaijaza robo tatu, anaiweka chini itulie, ndipo anamalizia. Guinness wenyewe wanataja sekunde 119.5 kwa kazi yote.

Sasa turudi kwenye mkebe. Kijipira kile kina tundu dogo sana. Mkebe unapojazwa, hutiwa tone la naitrojeni ya kimiminika na kufungwa papo hapo. Tone likigeuka gesi, shinikizo hupanda na kusukuma gesi pamoja na bia kidogo ndani ya kijipira. Unapofungua, shinikizo huanguka, vilivyomo hufyatuka kupitia lile tundu, na bia yote huanza kutoa viputo kana kwamba imepita kwenye bomba. Mikebe yenye kifaa cha namna hii ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Angalizo: si kila mkebe wa Guinness una kijipira. Foreign Extra nayo huuzwa kwenye mikebe, na hiyo ni bia ile ile ya chupa. Soma neno Draught na asilimia ya kileo kabla ya kulipa. Wenye kijipira uweke frijini angalau saa tatu, maana ukifunguliwa ukiwa na joto utamwagika mezani. Mimina wote kwa mkupuo mmoja kwenye glasi kubwa. Ukiunywa moja kwa moja kutoka kwenye mkebe, hutalipata povu vizuri.

Wengi huamini drafti ndiyo nzito kwa sababu ya povu na weusi. Hesabu inasema vingine. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 6.5 ina mililita 32.5 za kileo halisi, na painti nzima ya drafti ya mililita 568 ina takriban 24. Anayeendesha gari asizihesabu kuwa sawa, na ni afadhali aache funguo nyumbani.

Jambo jingine linalotuumiza moyo ni kuona mtu ametumwa Guinness ya kumwongezea damu mama mjamzito au aliyejifungua. Madini ya chuma yamo, lakini ni kidogo mno, na kileo hakimfai mjamzito hata kidogo. Aende kliniki.

Drafti yetu pia si kegi ya Senator, bia ya pipa iliyoingia sokoni mwaka 2004 kama kinywaji cha bei nafuu cha kuwavuta watu waachane na pombe haramu. Pipa la Guinness lina gesi yake na bomba lake, na mirija lazima isafishwe kila wiki, la sivyo bia huchachuka. Sehemu ya bei unayolipa ni ya kazi hiyo. Stima ikipotea kwa muda mrefu, tunasimamisha drafti mpaka pipa lipoe tena vizuri, na siku hiyo tutakushauri uchukue chupa.