Pande nne hazitoshi: kwa nini tunapima kona kabla ya kukata kioo

Lalamiko ni lile lile: "Vipimo vya pande zote nne nimeshawatumia. Ada ya kuja kupima ni ya nini?" Juzi mteja mmoja alituambia usoni kwamba tunamwibia, akaenda kukatiwa kwingine kwa vipimo vyake.

Uwazi wake ulikuwa sentimita 120 kwa 60, pande zinazokabiliana zikilingana kabisa. Kioo kikaja na urefu sahihi, kikagoma kuingia. Tulipoitwa tukaweka kipimapembe: kona mbili nyuzi 88, mbili nyuzi 92. Nyuzi 2 zinaonekana si kitu, lakini kwenye upande wa sentimita 60 zinasogeza kona kwa sentimita 2 hivi. Na kile kilikuwa kioo kigumu, cha kupitishwa tanurini. Kikishatoka humo hakikatwi tena. Ukijaribu kinasambaratika chote. Alilipia kioo kipya, na kupima akalipia vilevile.

Umbo la pembe nne likikatwa kona kwa kona hutoa pembetatu mbili, kila moja nyuzi 180. Ndiyo maana kona nne hujumlisha 360 daima, liwe limenyooka au limelala upande. Kona moja ikizidi, nyingine lazima ipungue. Urefu wa pande peke yake haukwambii ni ipi.

Sisi tunapima kona zote nne, ingawa ya nne ingepatikana kwa kutoa tu. Jumla isipofika 360, ama tumekosea kusoma, ama ukuta umepinda katikati, na hapo hatukati chochote mpaka tujue.

Fremu za pembe nane ndizo zinazotugombanisha zaidi na watu. Umbo hilo hugawanyika pembetatu sita, jumla nyuzi 1080, kila kona 135. Kila ncha ya mbao hukatwa kwa nyuzi 22.5, na ncha ni 16. Msumeno ukipunguza nusu nyuzi tu kila mkato, kiungo cha mwisho kinabaki wazi kwa nyuzi 8. Tumeletewa fremu za namna hiyo, mwanya umejazwa gundi na vumbi la mbao, mwenyewe anaomba "kurekebishiwa kidogo". Hakuna kidogo hapo. Tunafungua viungo vyote na kukata upya, na mbao inakuwa fupi kuliko mwanzo. Bei yetu ya pembe nane iko juu kwa sababu tunajaribu mikato yote kwenye mabaki ya mbao kwanza.

Ukitaka kupima mwenyewe, karibu, hatutakutoza. Lete pande nne pamoja na vipimo viwili vya kona kwa kona. Kimoja kinatosha kutupa pembe zote. Cha pili tunakitumia kuhakiki. Uwazi wa yule mteja ungesoma karibu 136 huku na 132 kule, badala ya 134 kote kuwili.