Kwa mdogo wangu, kabla hamjakata tiketi ya Rubondo

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Desemba mnakuja, wewe na wifi, na safari hii ni kisiwani Rubondo kuwafuata sokwe, na Mama mnataka kumchukua. Nimeusoma nikiwa sokoni Mwaloni katikati ya magunia ya dagaa, nikarudisha simu mfukoni, nikaitoa tena. Ningekupigia, lakini tukipigiana tunaishia kuulizana kama mvua imenyesha. Basi naandika hapa, na watu wasome. Picha zenu si anaziona kila mtu?

Msidhani nina wivu. Wateja nawasimulia habari zenu mpaka wananikimbia. Uhuru mmefika, mita 5,895, mkatuletea ile picha midomo imepasuka. Rwenzori mmelala kwenye matope ya upande wa Uganda. Mkaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa, mkatembea karibu kilomita 800 mpaka Santiago, Hispania. Mama aliposikia akaniuliza taratibu, "Huko hakuna mabasi?" Nikamwambia yapo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi watakuwa na nadhiri." Nilicheka. Baadaye wifi akanieleza kwamba kweli ile ni njia ya mahujaji waendao kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo. Mama alishajua.

Lakini Bugolora imenikaa hapa kooni.

Ulitaka kuliona jiwe linalocheza. Mama kazaliwa kisiwani Ukara, jiwe lile amekua nalo, wewe ukaja na kamera kama umeligundua wewe. Alikuwa na kilo tano za sukari kwenye kikapu, zawadi ya dada yake, na kitenge kipya bado kinanukia duka. Kutoka Mwanza hadi Nansio alikaa katikati ya meli, macho chini, wala hakulalamika. Tukadhani hofu imemtoka. Kufika gatini Bugolora, pa kuvukia kwenda Ukara, akakiona kivuko, akasimama. Hakulia. Alivua ndala akazishika mkononi, kama mtu anayejiandaa kuogelea.

Usiseme tulisahau. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere kimepinduka kikiwa kimeshakaribia gati la Bwisya kule Ukara, watu zaidi ya 220 wamekufa, na mtoto wa dada yake mmoja wao. Tangu siku ile Mama alikuwa hajavuka maji yale.

Ukamwambia, "Mama, hiki ni kipya." Kipya! Ukatazama saa. Ukasema tutarudi kesho asubuhi. Ukamwachia ile chupa yenu ya chuma ya kupandia mlima, imejaa maji, ukapanda.

Na wewe ndiye uliyeniambia kwamba Kilimanjaro kundi linakwenda kwa mwendo wa aliyechoka. Pole pole, pole pole, mnaimba kabisa. Wapagazi mnawasubiri, Wazungu msiowajua mnawasubiri.

Ushauri wangu, kama unautaka: usikate tiketi kabla hujamuuliza. Muulize akiwa ameshakula, tena usimuulize mbele ya wifi, maana atakubali kwa heshima. Mimi humuuliza mara mbili. Mimi ndiye ninayekaa naye, najua "sawa" yake ipi ni sawa kweli. Hata siku ile ningebaki naye, ila mabegi yenu yalikuwa manne, na Kikara wewe hukijui. Nani angewasemea kwa Mama Mkubwa? Tiketi zilishakatwa. Wifi alitaka kubaki. Nalisema hili hadharani kwa sababu hapa nyumbani kuna wanaomsema vibaya. Alishaweka begi chini. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwambia panda, Mama hapa ana watu wake.

Bugolora hatuna mtu. Alilala kwa mama mmoja muuza mihogo aliyemwonea huruma.

Sukari tuliifikisha. Mama Mkubwa akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Ukaniangalia mimi nijibu. Na jiwe lilicheza, ndiyo, nililiona.

Siku hizi kuna kitu kimebadilika. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, ameshakwenda Sengerema mara mbili bila shughuli yoyote. Anakaa dirishani, zaidi ya kilomita tatu juu ya ziwa, anatazama chini mpaka ng'ambo. Nikamsomea kwamba hata hao sokwe wa Rubondo si wa pale, waliletwa miaka ya 1960 kutoka Ulaya. "Nao walivushwa," akasema.

Jana kaniuliza Rubondo watu wanafikaje. Nimemwambia basi linapita darajani, linakwenda upande wa Chato, mnafika Kasenda.

"Halafu?"

Nikamwambia dagaa wanalowa nje, nikatoka. Hiyo halafu utamjibu wewe.

Dada yako