Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024: kazi zetu za mikono, oda ya Krismasi na ile milioni moja na nusu

Ndugu wanachama wenzangu, mama zangu, dada zangu na kaka zetu wanne, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Namshukuru Mungu tumeuvuka mwaka. Hii ndo taarifa yangu ya 2024 kama katiba inavyonitaka, na naileta kwa maandishi ili kila mtu aipate, maana Jumamosi ya tarehe 11 Januari tulikaa watu 19 kati ya 46, viti vimepangwa, chai imepoa, tukasubiri mpaka saa kumi akidi haijatimia, tukaahirisha.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mwanzo wa mwaka tulikuwa na mafunzo ya kusuka ukindu na kupika rangi, Machi wenzetu walikuwa kwenye mfungo tukapunguza vikao, Aprili mvua ikatufungia ndani, Julai tukagawana banda kwenye maonyesho ya Sabasaba na kikundi kingine, tukauza vikapu na vitambaa vya makochi kwa 640,000. Agosti tulienda Morogoro kwa treni ya SGR, nauli 13,000 kila mtu kajilipia mwenyewe, mfuko haukuguswa hata mia. Rambirambi tumetoa mara mbili, jumla 200,000. Meza ya zawadi nje ya kanisa tarehe 15 na 22 Desemba iliingiza 385,000, achari ya embe na kashata ziliisha mapema, zile nyota za ukindu za kuning'iniza kwenye mvinje wa Krismasi nazo zilienda zote. Asanteni mliokuja, mlikuwa sita.

Sasa niingie kwenye oda ya Ujerumani, maana najua ndo mnachosubiri, na kwenye grupu la WhatsApp yamesemwa mengi, hasa eti nilitoa 1,500,000 ya mfuko wa chama bila mkutano mkuu, na wengine mmeyasema bila kuniuliza.

Ilianzaje. Baada ya Sabasaba dada yetu aliyeolewa Hamburg alinipigia. Anataka zawadi za Krismasi zilizotengenezwa kwa mkono, aziuze kwa marafiki zake na kwenye bazaa ya kanisa lake. Skafu 60, kofia 60, na kalenda 40 za vifuko. Hizo kalenda wengi hamkuzielewa mpaka leo, naona mtu kaandika eti tumeshona "mifuko ya kalamu". Ni kitambaa cha kutundika ukutani chenye vifuko 24, kila kifuko kina namba yake, wenzetu wanahesabu siku za Majilio kuanzia tarehe 1 mpaka 24 Desemba, kila asubuhi mtoto anafungua kifuko kimoja anakuta peremende au kitu kidogo. Zao nyingi ni za karatasi, yeye akataka za kitenge. Kule Desemba jua linazama saa kumi jioni, baridi inakaribia sifuri, watu wanakaa ndani wanawasha mishumaa, kwa hiyo zawadi wanayoithamini ni ya kumpa mtu joto na ya kupendezesha nyumba. Sisi huku Desemba tunatafuta feni. Ndo maana mtu anauliza nani atavaa skafu, mama, skafu haikuwa ya kuvaliwa huku kwetu Tabata, Dar es Salaam.

Bei tulikubaliana hivi: kalenda 35,000, skafu 18,000, kofia 12,000, jumla 3,200,000. Akatanguliza 800,000. Haikutosha kununulia vifaa, ikabidi tutumie mfuko wa chama.

Sasa hapa ndo kwenye lawama. Mnasema mwenyekiti katoa 1,500,000 bila mkutano mkuu. Naomba mnisikilize vizuri. Niliitisha mkutano tarehe 17 Agosti, mkaja 11. Nikaitisha tena tarehe 31 Agosti, nikapiga simu mmojammoja kwa salio langu, mkaja 13. Akidi ni watu 24. Mteja anasubiri jibu, na kalenda ya kuanzia tarehe 1 Desemba ikifika tarehe 5 haina kazi tena, imebaki kuwa pambo. Katiba inasema mkutano mkuu ukishindikana mara mbili kamati inaweza kuamua jambo la haraka. Kamati tulikaa wote saba, sita tukakubali, mmoja akakataa, na muhtasari upo kwa katibu una sahihi. Mweka hazina alitoa hela benki akiwa na mimi na katibu. Kwa hiyo yule aliyeandika kwamba "mama kachukua hela ya chama kama ya kwake", hilo neno liliniuma sana, na mpaka leo sijapata samahani.

Kazi ya kununua uzi niliifanya mimi, siku tatu. Mteja alisema wazi anataka sufu halisi, yaani manyoya ya kondoo, maana sufu inatunza joto hata ikipata unyevu, na huko kuna manyunyu kila siku. Kariakoo kila duka unaambiwa "hii sufu tupu mama, chukua". Mi nilibeba kiberiti kwenye pochi. Nakata kipande kidogo cha uzi, natoka nje ya duka nakiwasha. Akriliki, yaani uzi wa plastiki, inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge cheusi kigumu ukikibana kwa kidole hakivunjiki. Sufu inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake ukiligusa linasagika kuwa unga. Maduka tisa yote kidonge. Duka la kumi, ghorofani, kwa mzee mmoja aliyekuwa na mzigo wa zamani ndani ya magunia, nikawasha, nikasikia ile harufu ya nywele. Nilichukua madonge yote aliyokuwa nayo. Ilikuwa bei juu ndio, lakini ndicho tulichoagizwa. Kitenge nikachukua mtaa wa Uhuru kwa jora kupunguza gharama. Vifaa vyote pamoja na nyuzi za kutarizi, bitana na makatoni vilikula 1,460,000, risiti zipo.

Tukapanga kazi ianze Jumamosi ya tarehe 21 Septemba barazani kwangu, kila Jumamosi na Jumatano, tumalize tarehe 25 Oktoba. Kwa nini tarehe hiyo? Kwa sababu kulikuwa na ndugu wawili wanasafiri kwenda Ujerumani mwisho wa Oktoba na walikubali kutubebea kwa 150,000 tu. Mlijiandikisha watu 28. Siku ya kwanza mkaja 16, ya pili 12, Oktoba katikati tukawa tunakaa watu saba, nane. Mara mtu ana kitchen party, mara mtoto ana mtihani, mara mambo ya uchaguzi wa serikali za mitaa, mara simu haipokelewi kabisa. Kiukweli nawaelewa wenye shida za kweli, mwenzetu mmoja aliuguza mama yake Muhimbili wiki tatu na bado aliniletea kofia nne alizofuma pembeni ya kitanda, Mungu ambariki. Ila wengine mlichukua uzi, mkakaa nao nyumbani mwezi mzima, mnaulizwa mnasema "nipo nao, nitaleta".

Tarehe 25 Oktoba tulikuwa na kalenda 17, skafu 31 na kofia 40. Wale ndugu wakaondoka na mabegi yao bila mzigo wetu.

Tulibaki wachache tukafuma usiku na joto lile la Novemba, sufu mapajani, mikono inatoa jasho mpaka uzi unagoma kuteleza kwenye sindano, tukawa tunatandika kanga iliyoloweshwa magotini. Kalenda moja ilikuwa inachukua siku mbili kamili, kukata, kutarizi namba, kushona vifuko sita mistari minne, kuweka bitana. Kila kalenda niliikagua mwenyewe, kifuko kwa kifuko. Kuna moja niliikuta saa saba usiku ina namba 17 mara mbili na 18 haipo, nikaifumua na kuitarizi upya mpaka alfajiri. Sijaandika hilo ili nisifiwe, naandika kwa sababu kuna mtu kasema mwenyekiti alikuwa anakaa tu anaamrisha.

Tulimaliza Ijumaa tarehe 15 Novemba. Kesho yake jengo likaanguka Kariakoo, wengi wenu mna ndugu wanaofanya biashara mitaa ile, tukasimamisha kila kitu. Tunaendelea kuwaombea marehemu na familia zao. Mzigo, kilo 31, uliondoka kwa ndege tarehe 19 ukafika tarehe 27 Novemba, siku nne tu kabla ya mtoto wa kwanza kufungua kifuko cha kwanza. Usafiri ukatugharimu 410,000 badala ya 150,000.

Halafu skafu tisa hazikwenda. Wakati wa kufunga makatoni nilishika moja nikaona inateleza tofauti, nikachomoa uzi pindoni, nikawasha kiberiti, kidonge. Nikarudia zote 60, tisa zilikuwa na akriliki katikati. Mwenzetu uzi ulimwishia akamalizia na wa kwake wa nyumbani kwa sababu rangi ilifanana, hakuwa na nia mbaya na ameniomba radhi, simtaji. Lakini nisingeweza kumtumia mteja kitu nilichomwambia ni sufu na sio sufu. Kuna waliosema ningepeleka tu, nani atajua. Angejua yule atakayeivaa kwenye manyunyu, na tusingepata oda tena. Skafu tisa ni 162,000 tulizozikosa, na ufundi tulilipa kama kawaida.

Hesabu kwa ufupi, mweka hazina anazo kwa kirefu. Tulilipwa 3,038,000. Vifaa 1,460,000, ufundi 1,140,000, usafiri 410,000, jumla 3,010,000. Faida 28,000. Ile 1,500,000 ya mfuko ilirudi benki yote kabla ya Krismasi.

Najua mnaishangaa hiyo 28,000. Mtu kaandika kwenye grupu "miezi mitatu kwa elfu ishirini na nane" akaweka na vicheko. Basi naomba muangalie ile 1,140,000 ya ufundi imeenda wapi. Imeenda kwa wanachama waliofanya kazi, kalenda 12,000, skafu 7,000, kofia 4,000, kuna dada amepata 168,000 akalipia ada ya mtoto ya Januari, ameniambia mwenyewe akiwa analia. Na kama tungemaliza Oktoba kama mlivyoahidi, na zile skafu tisa zingekuwa sawa, faida ingekuwa 450,000. Hela yetu imeliwa na kutokuja kwenu. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi na nikirudishwa nyuma naufanya tena. Wanaosema 12,000 ni ndogo kwa siku mbili za kazi, hapo nakubaliana nao, oda nyingine bei itabidi ipande.

Mteja amefurahi. Kalenda zote 40 ziliisha siku ya kwanza ya bazaa, alinitumia picha ya moja imetundikwa jikoni kwa mtu, kitenge chetu chekundu, dirisha nyuma yake jeusi kabisa na saa ukutani inaonyesha saa kumi na moja jioni. Nimeiweka kwenye grupu, watatu tu ndo mlijibu.

Ada. Kila mwanachama ni 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka, tulitakiwa kuwa na 2,760,000. Iliyoingia ni 1,385,000. Waliomaliza ni 14, waliolipa nusunusu 19, na 13 hawajatoa hata shilingi, na katika hao 13 kuna wanne wenye sauti kubwa kuliko wote kuhusu ile milioni moja na nusu. Nasema hivi kwa heshima, lakini nasema. Hela ya mfuko mnayoitetea imewekwa na wenzenu. Mi binafsi nimelipa yote tangu Machi, na umeme wa barazani pamoja na chai ya siku zote za kazi nimetoa mfukoni kwangu, sijadai na sitadai.

Majina ya wanaodaiwa sitayabandika kwenye grupu, kamati ilitaka hivyo nikakataa, maana tunaishi mtaa mmoja na watoto wetu wanasoma pamoja. Katibu atampigia kila mtu faragha.

Mwaka huu Mungu akijalia tunataka tuanze mapema. Mteja kasema anaweza kuchukua kalenda zaidi, hajasema ngapi. Tunafikiria pia mishumaa ya nta ya nyuki, tukipata nta nzuri ya Tabora, maana ile ya dukani tuliyojaribu Desemba ilipinda mezani kwa joto kabla hatujaifunga. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia nne ya mapato yake inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, tutaufuatilia, fomu naendelea kuziulizia. Na ikiwezekana tupate chumba chetu, baraza langu limekuwa dogo. Hayo yote tutayapanga tukikutana.

Mkutano mkuu ni Jumamosi tarehe 1 Februari, saa nane mchana, barazani kwangu. Uchaguzi wa viongozi utafanyika siku hiyo hiyo, na anayeona anaweza kuongoza vizuri kuliko mimi aje achukue fomu kwa katibu, nitamkabidhi daftari, mihuri na funguo ya kabati kwa moyo mweupe. Wenye uzi wa sufu uliobaki majumbani mje nao, nimehesabu madonge 14 hayajarudi. Zile skafu tisa zipo kwangu, zinauzwa 10,000 kwa mwanachama anayesafiri kwenda Mbeya au Njombe mwezi Juni.